Sura na Njia: Ustadi wa Kutambua Katalogi Asilia za Bunduki

Kipushi, mji wa mgodi ulio kilomita zipatazo 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia, una nafasi ya pekee katika historia ya kutenganisha vitu vinavyofanana. Katika mgodi wake, ulioitwa Prince Léopold zama za kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, yalipatikana madini ya rangi ya shaba iliyoelekea chungwa, ambayo kwa muda wataalamu waliyahesabu kuwa ni aina tu ya boniti, yaani yale madini ya shaba, chuma na salfa yanayojulikana sana katika ukanda wa Katanga. Mwaka 1948 mtaalamu J. F. Vaes aliyaeleza kuwa ni madini mengine kabisa, yenye elementi adimu ya jemaniamu ndani yake, nayo yakapewa jina la renieriti kwa heshima ya mwanajiolojia wa Ubelgiji, Armand Renier. Rangi iliwapoteza waliotazama, lakini sumaku haikupotezwa nayo, maana renieriti huvutwa na sumaku ilhali boniti katika hali yake ya kawaida haivutwi.

Ustadi unaosifiwa hapa ni wa ukoo huohuo, ijapokuwa kitu chake si jiwe bali ni karatasi: ni ustadi wa kutambua katalogi asilia za bunduki na kuzitenga na zile zilizorudufiwa baadaye. Katalogi ya bunduki ni kitabu kilichotolewa na mtengenezaji au mfanyabiashara wa silaha ili kuwaonyesha wanunuzi wa mbali bidhaa zake kwa picha, maelezo na bei. Nakala asilia ni ile iliyopigwa chapa katika zama za bidhaa zenyewe, kwa amri ya mwenye bidhaa, kwa ajili ya kuuza. Na rudufu ni ile iliyopigwa chapa miaka mingi baadaye kutokana na picha za nakala asilia, ama kwa nia njema ya kuwafaa watafiti na wapenzi wa vitu vya kale, ama kwa nia ya kumuuzia asiyejua kwa bei ya asilia. Mwenye ustadi huu haanzi kwa kuuliza katalogi inasema nini. Huuliza ilitengenezwaje, kwa sababu rudufu huiga sura yote ya kitabu na karibu kila mara hushindwa kuiga njia iliyokizaa.

Katanga ina sababu zake za kuzijali karatasi hizi. Katika karne ya 19 utawala wa Msiri, Mnyamwezi aliyejijengea dola yake huko Bunkeya, ulisimama juu ya biashara ya shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa, na sehemu kubwa ya malipo ilirudi kwa sura ya bunduki na baruti, zikitoka pwani ya mashariki na pia Benguela upande wa magharibi. Msiri mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na Omer Bodson, mmoja wa maofisa wa msafara wa Stairs, ambao ulikuwa umeondoka pwani ya Afrika Mashariki mwaka huohuo kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalikuwa yametia saini mkataba uliokataza kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, yaani zile zinazowashwa kwa cheche ya jiwe. Mlango huo ulizipa kazi karakana za Liège, mji wa Ubelgiji uliokuwa ukitengeneza silaha kwa karne nyingi na ambao mamlaka yake ya kupima usalama wa mitutu yana asili yake katika mwaka 1672. Hivyo, wakati ambapo kiwanda cha FN, kilichoanzishwa Herstal jirani na Liège mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji, kilikuwa kikisonga mbele na teknolojia mpya, watengenezaji wengine wa eneo hilohilo waliendelea kuunda silaha za mtindo wa mababu kwa ajili ya Waafrika. Mwanahistoria anayetaka kujua ni silaha za namna gani zilizotengenezwa kwa ajili ya soko hilo, zikiwa na majina gani na kwa bei gani, atajikuta mapema au baadaye mbele ya katalogi, na hapo swali la uasilia huacha kuwa la wakusanyaji peke yao.

Rudufu si ushahidi wa uongo. Hata hivyo ni ushahidi uliopita mkononi mwa mtu mwingine, ambaye pengine ameacha kurasa za bei, amepunguza ukubwa, ameunganisha matoleo ya miaka miwili au amesafisha alama alizoziona kuwa uchafu. Zipo rudufu za heshima zinazojitangaza waziwazi. Katalogi kubwa ya Adolf Frank wa Hamburg ya mwaka 1911, iliyojulikana kwa jina la ALFA na kuandikwa kwa lugha kadhaa ili iuzike duniani kote, ilichapishwa upya Marekani mwaka 1972 ikiwa na jina jipya na utangulizi wa mhariri. Ile ya Army & Navy Stores ya London ya mwaka 1907, ambamo afisa wa kikoloni aliweza kuagiza hema, kitanda cha safari na bunduki katika barua moja, ilirudi sokoni mwaka 1969. Vitabu kama hivi havimdanganyi mtu mpaka siku jalada lake linapong'oka na ukurasa wa utangulizi unapopotea, au kung'olewa, na yaliyobaki yanapoingia sokoni bila wasifu. Hatari zaidi ni rudufu ndogondogo za kurasa 20 au 40, zilizotolewa kwa mashine ya fotokopi au printa ya nyumbani na kubanwa kwa pini, kwa kuwa hizo hazikuwa na utangulizi tangu mwanzo.

Kiini cha ustadi kiko katika wino, na chombo chake kikuu ni kioo cha kukuzia cha mara kumi, ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara kinayoizuia. Katalogi nyingi za mwisho wa karne ya 19 zilipigwa chapa kwa njia ya mwinuko, ambamo herufi za risasi na mabamba ya picha huinuka, hupakwa wino juu ya vichwa vyao, kisha hugandamizwa kwenye karatasi kwa nguvu. Nguvu hiyo huacha dalili mbili. Ya kwanza ni kwamba wino husukumwa kuelekea kingo za herufi, hata kila mstari ukaonekana chini ya kioo kuwa na ukingo mweusi zaidi na katikati iliyofifia kidogo. Ya pili ni kwamba karatasi hubonyea, na mtu akiugeuza ukurasa na kuuangaza kwa mwanga wa pembeni, ule unaoteleza sambamba na uso wa karatasi, huona upande wa nyuma vijivimbe vya maneno yaliyopigwa mbele. Ofseti, njia iliyoenea katika karne ya 20, huupitisha wino kutoka bamba laini hadi mpira na kutoka mpira hadi karatasi, kwa hiyo huulaza wino bapa, bila ukingo na bila kubonyea. Mashine ya fotokopi na printa ya leza hazitumii wino wa maji hata kidogo bali unga unaoyeyushwa kwa joto, ambao chini ya kioo hung'aa kama ngozi nyembamba juu ya karatasi na kuacha chembechembe zilizotawanyika kandokando ya herufi, mahali ambapo mpigachapa wa 1895 asingeweza kuweka kitu chochote.

Picha zina ushahidi mzito kuliko maneno. Kabla ya picha za kamera kuweza kuchapwa pamoja na herufi, bunduki katika katalogi zilichongwa kwa mkono juu ya ubao wa mti mgumu, na bamba la chuma likatengenezwa kutokana na mchongo huo. Mchongaji aliyekuwa hodari aliuonyesha mviringo wa mtutu kwa mistari sambamba inayonenepa na kukonda, na mishipa ya mti wa kitako kwa vijistari visivyofanana hata viwili. Ni kazi ya subira ambayo pengine haijathaminiwa vya kutosha, kwa kuwa ilifanywa kwa ajili ya kuuza bidhaa na si kwa ajili ya kuta za makumbusho. Mistari hiyo katika nakala asilia ni mizima tangu mwanzo hadi mwisho, na nafasi nyeupe kati yake ni safi. Katika rudufu, nafasi nyembamba zaidi huzibwa na mistari myembamba zaidi hukatika, kwa sababu kamera au skana ililazimika kuamua kila sehemu kuwa nyeusi au nyeupe, na palipo na utata uamuzi wake ulikosea. Sehemu yenye kivuli chini ya kifyatuo ndiyo ya kutazamwa kwanza; huko mistari imesongamana, na huko rudufu hugeuka doa jeusi.

Tangu miaka ya 1880 ilianza kuenea njia ya kuvunja picha ya kamera kuwa nukta ndogondogo zilizopangwa kwa safu, kubwa palipo na giza na ndogo palipo na mwanga, ili jicho lizione kama rangi ya kijivu. Nukta, basi, si dalili ya rudufu kwa zenyewe, na mwanafunzi anayetupa kila ukurasa wenye nukta atatupa mali. Lililo muhimu ni mahali nukta zilipo. Katika ukurasa asilia nukta hukaa ndani ya picha tu, na herufi zilizo chini yake zina kingo nzima. Zikionekana nukta hata katika herufi, au katika mistari ambayo ingepaswa kuwa ya mchongo, ukurasa mzima umepigwa picha kama kitu kimoja, na kesi imekwisha. Vilevile, picha ya nukta ikipigwa picha upya kwa safu nyingine ya nukta, safu hizo mbili hugongana na kuzaa mawimbi ya vivuli yasiyokuwa na maana katika picha, mfano wa mistari ya hariri, ambayo huonekana hata bila kioo. Majalada ya rangi yana kanuni yake. Yale ya miaka ya 1890 na mwanzoni mwa 1900 mara nyingi yalichapwa kwa litografia, yaani kutoka kwenye jiwe lililochorwa kwa kalamu ya mafuta, na vitone vyake viliwekwa kwa mkono, havina mpangilio, na rangi zake zaweza kuwa sita, nane au zaidi, kila moja imechapwa peke yake. Rudufu ya kisasa hujenga kila rangi kwa nukta za rangi nne tu, zilizojipanga katika viduara vinavyojirudia bila kuchoka.

Kuhusu karatasi, maneno machache yanatosha, kwa kuwa sifa zake zimezidishwa. Karatasi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa massa ya mbao na kuimarishwa kwa shabu na ulimbo ina tindikali ndani yake, nayo hugeuka rangi ya kahawia na kuvunjika. Mabadiliko hayo huanzia kingoni, panapogusana na hewa na mwanga, na kwenda ndani polepole, hata katikati ya ukurasa pakabaki na weupe. Mghushi anayechovya karatasi mpya ndani ya chai hupata rangi iliyo sawa kila mahali, au iliyokusanyika penye mikunjo. Taa ya mwanga wa urujuanimno, ambayo wauzaji wengi huitoa mfukoni kwa mbwembwe, husaidia kwa njia moja: tangu takriban miaka ya 1950 viwanda vilianza kutia katika karatasi kemikali za kung'arisha zinazowaka rangi ya samawati chini ya taa hiyo, kwa hiyo jalada la 1905 linalowaka limejishtaki. Lakini karatasi isiyowaka haijasafishwa kwa hilo. Mghushi mwerevu hutumia kurasa tupu zilizokatwa kutoka vitabu vya zamani, na zipo karatasi mpya zisizo na kemikali hizo. Taa inaweza kuhukumu, haiwezi kuachilia huru.

Kuna kipimo kimoja kilicho cha katalogi za bunduki peke yake, na ambacho kwa uzuri wake kinashinda taa zote. Wauzaji wa silaha walikuwa na desturi ya kuchora risasi na marisaa, yaani zile chembe za kuwindia ndege, kwa ukubwa wake halisi na kuandika kando kwamba ni ukubwa halisi, ili mnunuzi aweze kulinganisha na alichonacho nyumbani. Vipimo vya risasi vinajulikana hadi leo kwa sehemu za milimita. Risasi kamili ya bastola ya Browning ya milimita 7.65, kwa mfano, ina urefu wa takriban milimita 25. Ikiwa mchoro unaodai kuwa wa ukubwa halisi unatoa milimita 22 kwenye rula, basi ama mchoraji alikuwa mzembe ama ukurasa umepunguzwa ili uingie katika karatasi ya kipimo kingine, na michoro mingine ya ukurasa huohuo itaamua ni lipi kati ya hayo mawili. Vipimo vya ukurasa wenyewe navyo havipuuzwi. Karatasi ya A4, ya milimita 210 kwa 297, iliwekwa kuwa kanuni Ujerumani mwaka 1922, na katalogi inayodai kuwa ya mwaka 1900 huku ikiwa na vipimo hivyo kamili ina maswali ya kujibu.

Utamu mkubwa wa ustadi huu, hata hivyo, umo katika makosa yaliyorithiwa. Mwenye kurudufu huchukua nakala moja tu ya asilia, na nakala hiyo ina maisha yake: imekunjwa, imemwagikiwa kahawa, imepigwa mhuri na duka, imeandikwa bei mpya kwa penseli, imetobolewa na mchwa. Kamera huyapokea yote bila kuchagua. Hivyo kidole kinachopita juu ya mkunjo hakikuti mkunjo wowote bali mstari wa kijivu uliochapwa. Mhuri wa duka, ambao wino wake ungepaswa kupenya nyuzi na kuonekana kwa mbali nyuma ya ukurasa, umelala juu kwa nukta zilezile za maandishi. Na kutu ya pini, ambayo katika nakala asilia hutoboa karatasi na kuacha duara la rangi ya udongo kwenye kurasa kadhaa zinazofuatana, ipo kama kivuli sentimita moja kutoka mahali pini mpya zilipo. Mchwa ni shahidi anayeaminika zaidi ya wote katika nchi kama Katanga, ambako vichuguu vimesimama hadi ndani ya viwanja vya nyumba. Mdudu huyu hatoboi ukurasa mmoja na kuruka wa pili, bali hupita kutoka jani hadi jani, na tundu lake husogea na kubadilika umbo kidogokidogo kadiri anavyozama. Tundu lililochapwa halina kina. Na hata palipotobolewa kweli kwa sindano ili kuigiza, matundu hupangana wima kwa unyofu ambao hakuna mchwa aliyewahi kuwa nao.

Yaliyomo ndani ya maandishi huja mwisho, na mpangilio huu ndio unaowashangaza wanafunzi wapya, ambao hupenda kuanzia hapo. Ni kweli kwamba maandishi yana tarehe zake. Alama ya mamlaka ya Liège, herufi ELG ndani ya duara la yai, iliongezewa taji mwaka 1893, kwa hiyo mchoro unaoonyesha taji hauwezi kuwa wa 1885. Maneno ya siri ya telegrafu, yaliyowekwa kando ya kila bidhaa ili mteja wa mbali aagize bunduki nzima kwa neno moja na kuokoa gharama, ni ya zama ambazo kila neno la waya lililipiwa. Lakini yote hayo yanaeleza umri wa kitabu kilichopigwa picha, si umri wa kitabu kilicho mkononi. Rudufu ya jana itakuwa na taji mahali pake, maneno ya telegrafu mahali pake na bei kwa faranga za wakati ule. Maandishi huwa na nguvu pale tu yanapopingana yenyewe kwa yenyewe, kama vile namba za kurasa zinaporuka au bidhaa ya 1910 inapojitokeza nyuma ya jalada la 1902, jambo linaloonyesha kwamba mtu ameshona pamoja vitabu viwili.

Ushonaji wa namna hiyo ndio unaomlazimisha mtambuzi kuwa mwangalifu katika kutoa hukumu. Si kila kitabu ni asilia chote au rudufu chote. Kurasa za ndani zaweza kuwa za kweli na jalada likawa limetengenezwa jana. Karatasi ya bei, ambayo mara nyingi ilikuwa jani la pekee lililotiwa ndani na kupotea mapema, yaweza kuwa imerudishwa kwa fotokopi na mmiliki asiye na nia mbaya yoyote. Kwa sababu hiyo mtambuzi mwadilifu haandiki kwamba kitabu ni asilia. Huandika kwamba jalada limechapwa kwa litografia, kurasa 3 hadi 48 kwa mwinuko, jani la bei kwa unga wa leza, pini si za awali. Mnunuzi anayeona maelezo hayo kuwa marefu mno yuko huru kununua kwa muuzaji mwenye maelezo mafupi.

Wakati nao unazidi kuichanganya kazi. Rudufu za miaka ya 1969 na 1972 zimeshapita nusu karne. Karatasi zao zimeanza kuwa kahawia kingoni, pini zao zimeota kutu, wengine wameandika majina yao ndani kwa wino ambao umeshafifia, na baadhi zimekuwa adimu kiasi cha kuanza kurudufiwa zenyewe. Anayepewa leo katalogi ya ALFA isiyo na jalada hana tena swali moja la kujibu, la asilia au rudufu, bali matatu: kama ni ya Hamburg ya 1911, kama ni ya Marekani ya 1972, au kama ni ya printa ya mwaka huu iliyopiga picha ya ile ya 1972 pamoja na kahawia yake. Kwa swali la tatu, nukta zilizo juu ya nukta ndizo za kutafutwa kwanza, na mahali pazuri pa kuanzia ni kivuli kilicho chini ya kifyatuo.